Bata Aliyefufuka Columbus

Mpendwa Bibi Ratiba,

Siku ulipotutoka, mwanao Ziad alinipigia simu kutoka Buffalo akaniomba nije niseme maneno ya dakika tatu mbele ya waombolezaji. Nilijiandaa sawasawa. Niliomba ruhusa ghalani ninakofanya kazi, nikanyoosha gauni langu la bluu, nikakata tiketi ya basi, nikaandika maneno yangu na kuyasoma mbele ya kioo huku mwanangu Divine akinipimia muda kwenye simu yake. Halafu theluji ikaangukia Buffalo usiku na mchana, barabara zikafungwa, basi likafutwa, nami nikabaki Louisville na gauni langu lililonyooshwa. Dakika tatu zisingenitosha hata hivyo. Wewe dakika tatu ulizitumia kunisalimia tu na kunikumbusha makosa yangu ya jana.

Kwa hiyo nakuandikia, na barua naiacha wazi aisome anayetaka. Hapa mtaani kwetu Iroquois watu wengi walikujua kama yule bibi Mwarabu mkali wa ghorofa ya juu, basi. Siwalaumu. Mimi mwenyewe niliishi chini yako karibu mwaka mzima bila kujua wewe ni nani.

Ulikuwa umetangulia kuhamia jengo lile, miaka ile Wasyria walipoanza kuletwa Louisville. Ziad alikuwa ameshakwenda Buffalo na mkewe na watoto wao watatu kwa sababu ya kazi. Ulikataa kuwafuata. Ulisema umehama vya kutosha kwa maisha ya mtu mmoja, na anayetaka kukuona anajua Kentucky iko wapi. Ndipo tukaja sisi, Warundi tuliokulia kambini Tanzania: mimi, Baba Divine, Divine wa miaka kumi na moja, na Bonheur wa miaka sita ambaye alikuwa hajawahi kumiliki kochi. Kochi tulipewa na kanisa. Siku hiyo hiyo Bonheur aligundua kwamba linarusha.

Na dari yetu ikaanza kupigwa. Ko! Ko! Ko! Ulikuwa wewe, na mpini wa ufagio. Ulidhani unamtisha Bonheur, lakini yeye alihesabu. Akiruka mara mbili, unapiga mara mbili. Akiruka mara tano, unapiga tano. Akaja jikoni macho yakimng'aa: "Mama, nimepata rafiki, anakaa kwenye dari!"

Nilipika maandazi nikapanda ngazi kuomba radhi. Ulifungua mlango ukiwa na ufagio mkononi, mfupi kuliko nilivyotarajia, miwani mikubwa kama vioo vya lori. Uliniangalia, ukayaangalia maandazi, ukaninyooshea kidole kimoja na kusema, "Daqiqa!" Ukafunga mlango.

Nilibaki pale ngazini nimeduwaa. Mwanamke niliyeambiwa hajui neno hata moja la mtu yeyote mtaani ameniambia nisubiri dakika. Uliporudi ulikuwa umevaa ushungi mzuri, ufagio hauonekani. Ukaipokea sahani.

"Sahn," ukasema.

"Sahani," nikasema.

Ukaonja. "Sukkar?"

"Sukari."

Ukanitazama kwa mashaka, kana kwamba maneno hayo nimeyaiba nyumbani kwako. Kisha ukajigusa kifuani ukataja jina lako, Ratiba, nami nikacheka vibaya sana, hadi nikalazimika kushika ukuta. Ulikasirika. Nikakuvuta mpaka kwenye friji lako, ambapo ulikuwa umebandika karatasi ya saa za darasa la Kiingereza, nikaipiga kidole na kukueleza kwamba kwa lugha yangu karatasi ile yote inaitwa ratiba. Uliikagua kwa muda mrefu, mistari yake, saa zake, siku zake. Ukaitikia kwa kichwa polepole. "Jina sahihi," ukasema.

Na kweli lilikuwa sahihi. Shifti yangu ilikuwa inaisha saa kumi na moja, lakini basi la shule lilikuwa linawashusha watoto mapema zaidi, na Baba Divine alikuwa bado yuko kiwandani. Ulikubali wakae kwako, kwa masharti uliyoyahesabu kwa vidole mpaka vikaisha. Viatu mlangoni. Mikono sabuni. Kochi la kukalia, si la kurukia. Tulielewana kwa Kiingereza chetu cha darasani, na kilipotoboka tuliziba kwa maneno tuliyokuwa nayo sote wawili. Maneno yenyewe mara nyingine yalitugombanisha. Unakumbuka nilipokuambia darasa la mwalimu wetu ni rahisi? Kwenu neno hilo ni la kitu cha bei ya chini, kisicho na thamani. Ulinigeuzia mgongo darasani saa nzima kwa niaba ya mwalimu, na mwalimu mwenyewe alikuwa hana habari.

Siku niliyokujua kweli ilikuwa Alhamisi. Nilipanda kuwachukua watoto nikakuta kimya. Ulikuwa umesimama katikati ya sebule, mikono yako imekuwa mabawa, shingo imekuwa ndefu, unasema Kiarabu kitupu. Watoto wangu wamekaa sakafuni vinywa wazi. Bonheur, ambaye hata kanisani hakai, hakugeuka kunitazama.

"Anasema nini?" nikamnong'oneza Divine.

"It's a duck, Mom. Batta. Shh."

Bata ni bata kwenu na kwetu. Hilo tu ndilo walilokuwa wamelishika, na liliwatosha. Ulipomaliza nikakuuliza umejifunza wapi kusimulia hivyo. Ukajibu huku ukipanga mito ya kochi, "Niliandika."

"Uliandika nini?"

"Vitabu. Ishirini na kimoja."

Ulitamka namba hiyo kama mtu anayetaja nyanya alizonunua. Nikauliza vitabu vya nini.

"Vya watoto."

Nisamehe, nilicheka tena. Nilikuambia, "Lakini Bibi, wewe hupendi watoto!"

Ukaacha mto. "Daktari anapenda ugonjwa?"

Kisha ukanieleza, bila chozi, kwamba huna hata kimoja. Vyote vilikuwa kwenye rafu nyumbani Halab, mjini kwenu Syria, na nyumba haipo tena, wala rafu. Ulieleza hivyo kama mtu aliyesahau mwavuli kwenye basi. Na tangu utoke hukuandika neno. "Nimemaliza," ukasema. "Nani atanisoma hapa? Wajukuu zangu wanaanza kusoma upande wa kushoto."

Nilishuka ngazi nimejaa aibu. Divine hakuwa na muda wa aibu. Alichukua simu ya baba yake akaanza kukutafuta. Tatizo lilikuwa jina lako la ukoo, ambalo kwa herufi za Kizungu liliandikwa namna moja kwenye kitambulisho chako, namna nyingine kwenye barua za kodi, na namna ya tatu kwenye mlango. Divine alijaribu zote, akabuni na nyingine zake mwenyewe, na siku ya tatu akapiga kelele jikoni. Maktaba moja Columbus, jimbo la Ohio, kule karibu na chuo kikuu, ilikuwa na kitabu chako. Nakala moja. Kuhusu bata.

Tulikupelekea habari tukitegemea utafurahi. Ukauliza kitu kimoja tu: ni toleo lipi? Divine akasoma mwaka. Uso wako ukabadilika rangi. Jumamosi asubuhi, kabla sijamaliza chai, ukabisha kwetu ukiwa na koti, mkoba, na kalamu mbili kwenye mfuko wa koti.

"Twende," ukasema.

"Wapi, Bibi?"

"Columbus."

Sikuwa na leseni wakati ule. Nilimpigia Mama Furaha, Mkongomani wa kitongoji cha Shively niliyekuwa nikifungasha naye maboksi ghalani, mwenye gari la kubeba kwaya nzima. Alikuja akilalamika kwa Kiswahili chake cha Kongo chenye Kifaransa ndani, na alilalamika mpaka tulipovuka mto Ohio.

"Mama Divine, donc tunakamata njia ya masaa tatu na nusu juu ya kitabu moja? Weye unaona iko sawa?"

"Ni kitabu alichoandika yeye."

Mama Furaha akakutazama kwenye kioo cha gari. "Huyu? Yee anaandikaka bitabu?" Akapunguza mwendo kabisa, kana kwamba amegundua amepakia mayai. "Bon. Muulize alianzaka namna gani. Njia iko murefu."

Ndivyo nilivyoisikia kazi yako yote, kati ya Louisville na Columbus, mimi nikiwa katikati natafsiri. Ulikuwa mwalimu wa darasa la kwanza Halab. Kitabu cha kusomea kilikuwa na hadithi ya mtoto mtiifu, na kila ukiisoma darasa linalala. Siku moja ukakifunika ukabuni mbuzi asiyesikia. Watoto walicheka hadi mkuu wa shule akaja kugomba, akasimama mlangoni, akangoja mbuzi afike mwisho, ndipo akagomba. Ukaipeleka hadithi gazetini. Mhariri akakuandikia: ni nzuri, ila funzo liko wapi? Ukamjibu kwamba funzo ni kuwa watoto hawakulala. Akaichapa.

Uliandikia mezani jikoni, kati ya maharage na daftari za kusahihisha. Mumeo, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akipima: unamsomea, asipocheka unachana. Mchoraji mmoja alikutesa miaka mingi kwa sababu kila mnyama aliyemchora alifanana na mjomba wake. Tuzo ulipata mara moja, saa ya ukutani, iliyosimama kesho yake. Mama Furaha alipiga usukani kwa kicheko. Mimi nilikuwa nasubiri useme kuhusu bata, na wewe ulikuwa unamkwepa.

Tulipokaribia Columbus ndipo ulipotueleza. Ulikuwa umeandika hadithi ya bata asiyetaka kuoga kwa sababu maji yanalowesha. Wanyama wote wanamsihi mchana kutwa, anakataa. Jioni mvua inamnyeshea, analowa chapachapa, na kumbe anafurahi. Anacheza, anacheka, anachoka, mwisho analala. Hadithi ya kumlaza mtoto. Lakini aliyepanga herufi kule kiwanda cha kuchapa vitabu alikosea neno la mwisho kabisa. Kwenu "akalala" ni namat. Yeye akapanga matat.

Sikuhitaji kutafsiriwa. Mauti ni mauti.

"Akufe?" Mama Furaha akashtuka. "Bata akufe? Mu kitabu ya batoto? Aah non! Na alikuwa anafurahia mvua!"

Ulisema watoto walilia mji mzima. Baba mmoja alikuja shuleni amemshika mwanawe mkono, akadai maelezo. Toleo la pili lilisahihishwa, lakini la kwanza lilikuwa limeshatawanyika. Na katika vitabu vyako vyote, Bibi, kilichosalimika kufika Marekani na kukutangulia rafuni kilikuwa hicho.

Maktaba ile ilikuwa kubwa kuliko kambi nzima niliyokulia, au mimi niliiona hivyo. Kijana wa mapokezi mwenye ndevu nadhifu alitusaidia mpaka tukafikishiwa kitabu mezani, chembamba, jalada la bluu lililofifia. Ulikigusa kwanza kwa kidole kimoja. Ukakifungua ukianzia kule ambako sisi tunaishia. Nilidhani utalia, hata nikatoa kitambaa. Ulikwenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho.

"Bado amekufa," ukasema.

Ukatoa kalamu.

Nilikuwa bado nimeshika kitambaa changu wakati kijana wa ndevu alipokuja mbio, kwa mwendo wa mbio za mtu asiyeruhusiwa kukimbia.

"Mama, tafadhali! Hairuhusiwi kuandika kwenye kitabu."

"Kitabu changu," ukasema.

"Ni kitabu cha maktaba, mama."

"Nimekiandika mimi."

"Naelewa, lakini sasa hivi unakiandika tena."

Mama Furaha akaona hatari akasimama mbele yako na mkoba wake wote. "Monsieur, pole pole. Huyu mama hana kosa. Bata hakukufa. Balikosea tu." Alisema Kiswahili, na kijana akamsikiliza kwa heshima bila kuelewa hata neno. Nikajaribu mimi kwa Kiingereza. Nilimwambia kuna bata, na bata huyu ameuawa kimakosa, na bibi huyu amesafiri kutoka Kentucky kuja kumfufua. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kurudi nyuma.

Wewe ndiye uliyemaliza ubishi. Ulikigeuza kitabu ukamwonyesha jalada la nyuma. Palikuwa na picha ya mwanamke wa miaka kama thelathini, nywele zimepandishwa juu kama mnara, haonyeshi meno, na miwani yake mikubwa kama vioo vya lori. Kijana akaangalia picha. Akakuangalia wewe. Ukasogeza miwani yako juu ya pua kwa kidole, namna ileile ya kwenye picha.

"Daqiqa," ukamwambia, kumpa muda wa kulinganisha.

Akaenda kumwita mkubwa wake, mama mmoja mwenye mvi aliyejua Kiarabu. Yule mama alisoma hadithi yote akiwa amesimama. Alitabasamu, akatabasamu, akafika mwisho, akajifunika mdomo kwa mkono. Halafu akatuambia kwa sauti ya kuungama kwamba miaka yote hii kitabu kimeorodheshwa pale kama kitabu cha kuwasaidia watoto kuelewa kifo. Mama Furaha alipotafsiriwa alikaa chini sakafuni.

Hawakukuruhusu kugusa ukurasa. Sheria ni sheria. Lakini yule mama alileta karatasi ndogo nzuri akakuambia uandike sahihisho lako, nao watalibandika ndani ya jalada na kurekebisha orodha. Uliandika polepole mistari minne, ukaweka sahihi, ukaomba gundi ubandike mwenyewe kwa sababu hukuwaamini. Kisha ukafanya jambo ambalo sikulitarajia. Ulikaa na kitabu mapajani, ukakisoma chote kwa sauti ya chini tangu mwanzo, na ulipofika mahali fulani katikati ukacheka. Ukanigeukia ukasema, "Hapa mume wangu alicheka."

Kitambaa nilichokuwa nimekushikia, nilikitumia mimi.

Njiani kurudi tulipita Cincinnati. Kisha ukamwomba Mama Furaha karatasi. Alikuwa na matangazo ya ibada ya Jumapili iliyopita, akakupa rundo. Uliandika nyuma yake mpaka Louisville, ukifuta, ukinung'unika, na kumfokea Mama Furaha kila gari liliporuka. Aliendesha wima kama dereva wa rais.

Baada ya hapo hukushikika. Divine na Bonheur walikuwa wasikilizaji wako wa kila siku, na masharti yakaongezeka: anayecheka aseme amecheka wapi. Ndipo ukaanza kulalamika kwamba hawatoshi. Unahitaji watoto wa kuwajaribia hadithi katika lugha yenyewe, na unao watatu Buffalo ambao mtu amewaharibu kwa kutowasomea. Ulimpigia Ziad ukamwambia unakuja. Nilimsikia kwenye simu akilia kwa furaha na wewe ukimwambia aache kelele. "Naja kikazi," ulisema.

Siku ya kuondoka ulinikabidhi ufagio wako, ukasema huko unakokwenda ni ghorofa ya chini. Hatukukumbatiana sana. Tulikuwa tumeambizana yote, na mengine tuliambizana vibaya.

Mwaka uliofuata ukaniita Buffalo. Hukuomba, ulinitajia siku na saa. Kulikuwa na ukumbi wa jamii, na watoto wa watu kutoka kila mahali palipowahi kuungua: Wasyria, Wairaki, Wasomali, Wakongomani, Warundi. Ungesoma kwa Kiarabu, Ziad angesema kwa Kiingereza, nami kwa Kiswahili. Nilisafiri na Divine kwa basi tukakukuta umekaa kwenye kiti kirefu kama hakimu, unamtazama mtoto aliyekuwa akila kalamu ya rangi.

Ulianza. Ziad akatafsiri. Nikafuata mimi. Kwenye sentensi ya pili ukanisimamisha mbele ya ukumbi mzima.

"Nimesema maneno manne," ukasema. "Wewe umesema arobaini."

"Nawaelezea bata alikuwa wa rangi gani, Bibi."

"Nimesema rangi?"

"Hujasema. Ndiyo maana."

Watoto walicheka kuliko walivyocheka kwenye hadithi yenyewe, nawe ulikasirika, halafu nikakuona ukiandika kitu pembeni mwa karatasi. Rangi, nadhani. Tuliendelea hivyo, tukigombana katika lugha tatu, hadi jioni ya hadithi ikafika na mvua ikanyesha na bata akalowa. Ukasoma neno la mwisho. "Namat."

Kwenye viti vya nyuma akasimama mwanamume mnene mwenye sare ya dereva wa basi la mji. Alikuwa amewaleta binti zake wawili. Alisema jambo kwa Kiarabu. Ziad alinitafsiria: "Anasema hapana. Bata alikufa."

Alikuwa na miaka sita, alisema, walipokisoma nyumbani kwao Homs, mji mwingine wa Syria. Alilia hadi baba yake akamwambia bata wote hufa, mwanangu, zoea. Na akazoea. Hakuwahi kujua aliyekiandika yuko hai, sembuse kwamba anakaa Buffalo, tena labda amewahi kupanda basi lake.

Uliteremka kwenye kile kiti chako, kwa taabu, ukapita katikati ya watoto mpaka kwake. Ulikuwa unamfikia tumboni. Ukamshika mkono wa sare.

"Alilala," ukamwambia. "Aliyepanga herufi alikuwa punda. Alilala tu."

Yule mtu mzima, dereva, baba wa watoto wawili, akafunika uso kwa kofia yake. Binti zake wakamwangalia kwa aibu kubwa. Nawe ukavua miwani, jambo ambalo sikuwahi kuliona, ukaifuta kwa ncha ya ushungi wako muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kwenye gari la Ziad ulinung'unika kwamba ukumbi ulikuwa na joto. Kisha ukanong'ona, bila kumwambia yeyote, "Homs. Kilifika mpaka Homs."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyokuona, na nashukuru ilikuwa hiyo.

Sasa nikueleze ya juzi, maana hukuyaona. Theluji ilipopungua Ziad alinitumia kwa posta tangazo la msiba wako, karatasi yenye mpaka mweusi, kama mnavyofanya kwenu, akaomba nilibandike mahali ambapo Waarabu wa Louisville wataliona. Nililipeleka kwenye duka la yule Mwarabu uliyekuwa ukigombana naye kuhusu zeituni. Yule baba alipoona picha yako akasema maneno ya kukuombea rehema, kisha akaanza kunisomea kwa Kiingereza. Nyuma yangu wateja wakajipanga na vikapu vyao.

Ghafla akacheka. Akaomba radhi, akacheka tena. Kumbe uliliandika mwenyewe kabla ya kututoka. Lilisema: Ratiba, mwalimu, mwandishi wa vitabu ishirini na viwili, vitano kati yake vizuri. Wateja wakaweka vikapu chini wakasogea. Lilisema hutaki maua, na anayetaka kukuheshimu amsomee mtoto kitu, lakini asome vizuri au aache. Bibi mmoja nyuma yangu alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha likafuata jina la marehemu mumeo, la Ziad, la mkewe, na majina ya wajukuu watatu. Yule baba akasita. Akasogeza karatasi karibu na macho. Akasoma jina la mwisho taratibu, silabi moja moja, kwa sababu halikuwa la Kiarabu.

"Mama Di-vin. Huyu ni nani? Marehemu alikuwa na binti hapa Marekani?"

Watu wote dukani wakanitazama, mimi Mrundi mwenye sare ya ghala, na kopo la nyanya mkononi.

Nikasema, "Ndiyo. Ndiye mimi."

Nilisema uongo, Bibi, mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na Jumapili nilikwenda kanisani na sikuutubu. Yule baba hakuuliza zaidi. Alitoka nyuma ya kaunta akanipa mkono wa pole, na wale wengine wakafuata mmoja mmoja, wote waliokuwa kwenye mstari, wakinipa pole ya mama yangu.

Nilizipokea zote. Pumzika.

Ni mimi, wa ghorofa ya chini,
Mama Divine